Kila Ndege na Ubawa Wake: Betri Ndogo kwa Safari Fupi za Garsen

Wahenga walinena kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Hakuna aliyewahi kumlaumu shomoro kwa kukosa ubawa wa tai, kwa maana kila mmoja amejaliwa kadiri ya safari zake. Ajabu ni kwamba hekima hii, ambayo mwanafunzi wa Kiswahili huijua tangu shule ya msingi, husahaulika pindi yanapotajwa magari ya umeme. Swali la kwanza linaloulizwa vijiweni na hata katika kumbi za wasomi ni hili: je, litafika Mombasa bila kuchajiwa njiani? Huuliza hivyo hata mtu anayekwenda Mombasa mara mbili kwa mwaka, tena kwa basi. Akijibiwa kuwa halifiki, hulipa kisogo na kuirejelea petroli.

Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo limewekwa mahali pasipo pake. Chombo cha kila siku hakina budi kupimwa kwa safari ya kila siku. Kikipimwa hivyo, betri ndogo haitaonekana tena kuwa upungufu wa kuombewa radhi, bali fadhila inayomwezesha mtu wa kipato cha kawaida kukimiliki chombo hicho, kukichaji na kukitunza. Mfano utakaotumika si wa Nairobi wala Kigali, bali ni wa Garsen, katika Kaunti ya Tana River.

Kwa nini Garsen?

Yamkini msomaji atashangaa kwa uteuzi huo. Habari za usafiri wa umeme zimezoeleka kuwa habari za miji mikubwa. Kampuni ya Ampersand ilianza kuwabadilishia betri waendesha pikipiki wa Kigali mwaka 2019. Kampuni ya Roam imekuwa ikiunda pikipiki za umeme jijini Nairobi. Mnamo Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua mjini Mombasa mpango wa kitaifa wa bodaboda za umeme. Nayo serikali ya Rwanda iliamua kwamba kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Katika masimulizi haya yote, maeneo ya mashinani huambiwa yangoje zamu yao. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika jambo hili hakuna sababu ya kungoja.

Garsen ni mji mdogo ulio kando ya mto Tana, kwenye barabara itokayo Malindi kuelekea Hola na Garissa. Kusini yake kidogo, mahali paitwapo Minjila, ndipo inapochepuka njia ya Witu na Lamu. Malindi iko umbali wa zaidi ya kilomita 100, na ni umbali huo unaowafanya watu waseme kwamba gari la umeme si la Garsen. Hata hivyo, ni wangapi wanaokwenda Malindi kila siku? Mwalimu anayeishi mjini hufundisha katika shule ya kijiji cha jirani. Muuguzi hutoka nyumbani akaenda zamu katika hospitali ya Ngao. Mfanyabiashara huchukua maembe na ndizi mashambani akazipeleka sokoni au barabarani yanakopita malori. Afisa wa kilimo huzunguka vijiji vya delta. Mwendesha bodaboda hupakia na kupakua abiria wa hatua fupi tangu alfajiri hadi magharibi. Safari hizi ndizo zinazoendesha maisha ya watu, na nyingi kati yake huanza na kwisha bila kuvuka kilomita 40 au 50 kwa siku, kwenda na kurudi.

Tatizo ni kwamba mafuta ya safari hizo fupi yametoka mbali mno. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Mombasa kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, hivyo basi kila lita ya petroli itumikayo Kenya imesafishwa ng'ambo, ikaja kwa meli, kisha ikabebwa kwa lori. Bei yake hufuata misukosuko ya dunia ambayo mwalimu wa Tarasaa hana neno ndani yake. Mnamo Oktoba 2023, lita moja iliuzwa Nairobi kwa zaidi ya shilingi 217. Mshahara wa mwezi ule haukuongezeka kwa sababu hiyo.

Hesabu ya kilomita 40

Hebu ichukuliwe safari ya mwalimu mmoja wa kubuni anayesafiri kilomita 40 kwa siku. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 13 au 14 kwa lita litamla lita 3 hivi. Lita ikiwa shilingi 180, hizo ni shilingi 540 kwa siku. Gari dogo la umeme huenda takriban kilomita 10 kwa kilowati-saa moja, yaani ile ambayo wateja wengi huiita uniti. Safari hiyo hiyo itahitaji uniti 4. Na ziwe 5, ili kufidia umeme unaopotea wakati wa kuchaji na kiyoyozi katika joto la Tana. Uniti moja ikiuzwa kwa shilingi 30, gharama ya siku ni shilingi 150. Kwa siku 20 za kazi katika mwezi, petroli imemgharimu shilingi 10,800, umeme shilingi 3,000. Tofauti ya shilingi 7,800 kila mwezi si ya kubezwa na mtu mwenye karo ya kulipa.

Kwa mwendesha bodaboda, hesabu ni ya namna hiyo hiyo. Akizunguka kilomita 80 kwa siku, pikipiki ya petroli itachoma lita 2 hivi. Ile ya umeme itatumia uniti 3 au 4. Pikipiki nyingi za aina hii hubeba betri ya takriban uniti 3, nayo hufika kati ya kilomita 70 na 90 kutegemea uzito wa abiria na hali ya njia. Tena haina mafuta ya injini ya kubadilisha kila mara, wala plagi ya kusafisha.

Ni hapa ambapo udogo wa betri unadhihirisha thamani yake. Betri ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote katika gari la umeme, na pia ndiyo iliyo nzito. Anayenunua betri ya uniti 60 ili atumie uniti 5 kwa siku amefanana na mtu anayejenga ghala la magunia 100 ilhali huvuna magunia 8. Fedha yake imelala, na kila asubuhi gari lake hubeba mamia ya kilo yasiyo na kazi. Zaidi ya hayo, betri ndogo haihitaji kituo maalumu. Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa takriban kilowati 2 na nusu. Kwa kasi hiyo, betri ya uniti 10 hujaa kwa saa 4 au 5 ilhali mwenyewe amelala. Ile ya uniti 60 itahitaji siku nzima, usiku na mchana. Kwa hiyo, wale wasemao kwamba ni sharti kwanza vijengwe vituo vya kuchajia kando ya barabara kuu ndipo gari la umeme lifike Garsen wanalifikiria gari kubwa la msafiri wa mbali. Gari dogo la mwalimu linahitaji ukuta wenye soketi na paa la kulikinga na jua.

Dunia nayo imekwisha kutoa ushahidi. Mwaka 2020, gari la Wuling Hongguang Mini liliingia sokoni nchini China likiwa na betri ya uniti 9.2 au 13.8, kwa safari ya kilomita 120 au 170 kwa vipimo vya huko. Bei yake ya kuanzia ilikuwa yuan 28,800, nalo likanunuliwa na watu wengi kuliko magari makubwa yenye majina. Japani, nchi ambayo magari yake makuukuu ndiyo yaliyojaa katika barabara za Kenya, ilipata gari la Nissan Sakura mwaka 2022, lenye betri ya uniti 20 na usukani wa kulia. Kwa kuwa sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo hayajazidi miaka 8, magari ya aina hiyo yanaweza kufika katika bandari ya Mombasa bila kuvunja kanuni. Nchini Zimbabwe, shirika la Mobility for Africa limekuwa likiwakodisha wanawake wa vijijini pikipiki za magurudumu matatu zenye kuchajiwa kwa nguvu za jua, ili wabebe mazao, maji na wagonjwa. Wanawake hao hawakungoja lami wala jiji.

Mto utoao mwanga

Kuna sababu nyingine inayoufanya mfano wa Garsen uwe mzito. Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya, na kwa zaidi ya nusu karne umekuwa miongoni mwa wazalishaji wakuu wa umeme wa taifa. Bwawa la Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, la Kamburu 1974, la Gitaru 1978, la Masinga 1981 na la Kiambere 1988. Maji yaliyozungusha mitambo hiyo ndiyo yaliyokuwa yakimfikia mkulima Mpokomo na mfugaji Muorma huku chini katika delta. Mabwawa yalipobadilisha mwenendo wa mafuriko, kilimo cha kutegemea maji ya msimu nacho kilibadilika. Watu wa Tana wamelipa sehemu yao ya gharama ya mwanga wa Nairobi, na bado vijiji kadha wa kadha vya delta vinalala gizani.

Leo hii njia kuu ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Rabai hadi Lamu inapita Garsen, na kituo cha kupoozea umeme kiko hapo hapo. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme unaozalishwa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kwa hiyo, gari linalochajiwa Garsen halihamishi tu moshi kutoka bombani na kuupeleka kwenye dohani la mahali pengine. Tena jua la Tana River halina ubahili. Paneli za kilowati 2 juu ya paa la shule zinaweza kutoa uniti 8 hadi 10 kwa siku ya jua la kawaida, na gari la mwalimu hushinda shuleni saa zile zile ambazo jua limewaka. Huenda hakuna mahali ambapo zana na nguvu zake zimekaribiana kiasi hicho.

Sera, hata hivyo, bado haijamwona mtu huyu. Mwaka 2023, Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli ilitangaza bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 katika saa za matumizi machache, kabla ya kodi na tozo nyingine. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini bei hiyo iliwekewa wateja wanaotumia zaidi ya uniti 200 kwa mwezi. Mwalimu wa hesabu iliyotangulia anatumia uniti 100. Ina maana kwamba uwekevu wake ndio unaomnyima nafuu! Dawa iko karibu: shule, hospitali au chama cha waendesha bodaboda kikiwa na mita moja ya pamoja, vyombo vichache tu vitatosha kuvuka kiwango hicho. Na iwapo mamlaka itapunguza kiwango chenyewe, itakuwa imetenda haki zaidi.

Pingamizi zisizopuuzwa

Si haki kuisifu mvua kwa kusahau matope yake. Pingamizi ya kwanza ni barabara. Gari dogo lenye tumbo la chini hufaa kwenye lami. Halifai katika udongo mzito wa delta wakati wa masika. Huko, pikipiki au chombo cha magurudumu matatu ndicho kinachofaa, na hata hicho kina siku zake za kusimama. Mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalivunja mawasiliano katika sehemu nyingi za kaunti. Hakuna gari, la petroli wala la umeme, linalopaswa kuthubutu maji ya namna ile. Ila ikumbukwe kwamba barabara inapokatika, lori la mafuta nalo halipiti, ilhali jua hurudi mawingu yakiondoka.

Pingamizi ya pili ni joto. Betri huzeeka upesi zaidi mahali penye joto kali. Katika miji kama Phoenix nchini Marekani, betri za magari ya mwanzo ya Nissan Leaf, yasiyo na mfumo wa kuzipooza kwa maji, zilionekana kupungua nguvu mapema. Mnunuzi wa Garsen hana budi kulijua hili kabla ya kununua gari kuukuu. Afadhali achague betri za lithiamu na fosfeti ya chuma, ambazo huvumilia joto zaidi, na aliweke gari chini ya kivuli. Miembe haikosekani Tana. Hata hivyo, betri iliyochakaa kiasi cha kufika kilomita 90 badala ya 150 bado inamfikisha mwalimu kazini na kumrudisha, tena kwa ziada. Ndiyo tofauti ya kupima chombo kwa safari yake.

Pingamizi ya tatu ndiyo yenye uchungu. Itakuwaje usiku wa dharura, mama anapopelekwa hospitali kubwa mbali na nyumbani? Jibu la kweli ni kwamba gari dogo linaweza kumfikisha katika hospitali ya karibu, lakini haliwezi kuwa gari la wagonjwa la kwenda Malindi. Halikadhalika, katika njia ya Lamu, ambayo imewahi kushuhudia mashambulizi na magari kusafiri kwa msafara chini ya ulinzi, hakuna busara ya kuhatarisha maisha kwa betri inayokaribia kwisha. Safari hizo zina vyombo vyake, na ni wajibu wa serikali ya kaunti kuhakikisha kwamba magari ya wagonjwa yapo na yana mafuta. Lakini kumlazimisha kila mwalimu anunue gari la kwenda Malindi kwa sababu kaunti haina gari la wagonjwa la kutosha ni kumtwika raia mzigo wa serikali.

Ya nne ni bei ya kununulia. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliziondolea pikipiki na mabasi ya umeme, pamoja na betri za lithiamu, mzigo wa kodi ya ongezeko la thamani. Hata kwa nafuu ya namna hiyo, fedha ya kuanzia ni nyingi kuliko akiba ya wengi. Hapa ndipo vyama vya akiba na mikopo vya walimu na vya bodaboda vinapohitajika. Chama kinachomkopesha mwanachama fedha ya gari la petroli, huku kikijua kwamba sehemu kubwa ya mshahara wake itaishia kwenye pampu, kinaweza pia kumkopesha kwa chombo kitakachomwachia shilingi elfu kadhaa za kulipia mkopo wenyewe.

Wajibu wa wasomi wa Kiswahili

Huenda ikaulizwa mjadala huu unafanya nini katika jarida la Kiswahili. Jibu ni kwamba betri ndogo humtaka mwenyewe awe na maarifa. Mwenye tangi la petroli hutazama mshale, basi. Mwenye betri ya uniti 10 sharti ajue ujazo wake, masafa yake kwa chaji moja, muda wa kuijaza, athari ya joto, na masharti ya dhamana. Mwendesha bodaboda anayekodishiwa betri anatia sahihi mkataba unaoeleza ni nani atakayelipa betri ikiharibika, na ni lini kampuni inaweza kumzimia pikipiki kwa mbali. Aghalabu maelezo na mikataba ya namna hiyo huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Asiyeielewa atauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, vinatoa hoja yenye nguvu: taarifa ambayo mnunuzi haielewi ni sawa na taarifa asiyopewa. Katika Tana River, ambako Mpokomo, Muorma, Mwardei na Mmunyoyaya hukutana sokoni kwa Kiswahili, lugha hii ndiyo inayoweza kuubeba ujuzi huo kabla haujatafsiriwa vijijini kwa lugha za mama.

Kazi hiyo haihitaji kungoja kamusi kubwa. Istilahi nyingi tayari zimo vinywani mwa mafundi: betri, chaji, soketi, uniti, paneli. Kinachokosekana ni maandishi sahili na sahihi: mwongozo wa kurasa chache wa kuchagua na kutunza betri, mfano wa mkataba wa kukodisha ulioandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, na kielezo cha hesabu kama ile ya kilomita 40 ambacho mtu anaweza kujaza tarakimu zake mwenyewe. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Baadhi yao wametoka Garsen, Ngao, Hola na Witu. Wakishirikiana na wenzao wa vitivo vya uhandisi na sheria, wanaweza kuziandika kurasa hizo katika muhula mmoja, na kuzikabidhi kwa chama cha bodaboda kabla muuzaji hajafika na karatasi zake.